Kilichobaki Kikombeni

4 Februari

Kwako Kitinda, mwanangu wa mwisho,

Pokea salamu za mama yako, nyingi, usizihesabu. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi sijambo, ila magoti yananung'unika nikiomba, na masikio ndiyo hayo: ukinipigia simu nasikia kama unaongea ukiwa ndani ya mtungi. Basi tubaki na barua. Barua naweza kuirudia nikiwa na chai yangu.

Paa jipya la kanisa limekwisha. Mvua ikinyesha hatusogei tena kwenye mabenchi kama kuku. Mchungaji ameweka ibada ya shukrani Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, na itakuwa pia Jumapili ya meza ya Bwana. Unajua siku hiyo mimi ndiye mwenye shughuli. Natandika kitambaa cheupe, nasugua kikombe mpaka naona meno yangu, namimina divai. Mwenzangu wa kuhudumu ni yuleyule fundi cherehani, lakini siku hizi kila ikifika Jumapili ya meza mguu unamshika. Jumatatu unamkuta anakanyaga cherehani kama kawaida! Nikimuuliza anasema mguu wake una siku zake. Haya, mguu wenye kalenda.

Na Fundi Saa, yule mwenye kibanda karibu na posta, bado hajaacha tabia yake. Kikombe kikianza kuzunguka tu, anainuka, anatoka, anasimama ukutani nje mpaka wimbo wa mwisho. Wanakwaya wanasema ana wanawake wawili na dhamiri inamsuta. Mimi sisemi kitu. Nimekwambia wewe tu.

Sasa neno langu. Nataka uje, usimame nami mezani badala ya huyo wa mguu. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia wazee wa kanisa, nimemwambia hata muuza mkaa: mwanangu ameponywa. Pombe ile iliyomzika baba yako huku nikiitazama, Mungu amekuvua kama mtu anavyovua shati. Nilifunga, nililia, nimejibiwa. Waje waone. Usininyime hilo, Kitinda.

Mama yako.


19 Februari

Mama, shikamoo.

Nimeshukuru kusikia huna baya, ukiacha magoti. Kifua kimepona. Kazi ni ileile, mashuka ya hospitali kutoka asubuhi mpaka jioni. Mashine ya kukamulia iliharibika, tukawa tunakamua kwa mikono wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, kama tunashindana kuvuta kamba. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bi Pasi kwa jinsi asivyovumilia mkunjo, alipita akasema, "Kamueni, msibembeleze!" Mikono inaniuma lakini nacheka.

Nitakuja, Mama. Ila nina ombi, na tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Usiwaambie watu nimepona. Waambie nimeacha. Aliyepona anatembea bila kuangalia nyuma. Mimi kila nikitoka kazini navuka barabara ili nisipite mbele ya baa, halafu navuka tena kurudi upande wa nyumbani. Watu wanadhani nimepotea.

Nilikuambia kuhusu kikundi chetu cha walioacha pombe. Tunakutana kwenye darasa la shule ya msingi, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mkubwa wetu ni dereva mstaafu tunayemwita Breki, naye ni mtu wa kanisa kama wewe. Kuna siku tulibishana kama kunywa ni dhambi. Mmoja akasema ni dhambi, kwisha. Mwingine akasema Bwana mwenyewe aliwafanyia divai watu wa harusi, na mtume alimshauri kijana wake anywe kidogo kwa ajili ya tumbo. Breki akatuacha tupigane, akamaliza chai yake, akasema: "Anayekunywa glasi moja harusini, akacheza, akaenda kulala, mimi sina neno naye. Amshukuru Mungu wake. Lakini mimi si yule kijana wa mtume, na mimi sikuwa naumwa tumbo." Tulicheka, lakini kila mtu alirudi nyumbani na lake moyoni.

Kwa hiyo, Mama, nitasimama nawe. Nitashika sinia la mkate, nitapitisha mkate. Lakini kikombe kinipite. Si kwamba nakidharau. Mwili wangu haujui kusoma Maandiko. Ukionja divai unajua ni kileo tu, na ukishaonja hauniulizi tena.

Niahidi hilo, nami nitakata tiketi.

Mwanao, Kitinda.


2 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata nikiwa nimetoka kununua sabuni. Nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika, kama ulivyotabiri. Nikaisoma tena nikapoa kidogo. Afya yangu ni njema.

Mwanangu, wewe na huyo Breki wako mnachanganya mambo. Divai ya mezani si pombe. Ikiwa bado dukani ni pombe, sawa, na mimi mwenyewe naificha kwenye kikapu chini ya mchicha nisionekane nayo barabarani. Lakini ikishaombewa ni Damu. Tangu lini Damu ya Bwana ikamlewesha mtu? Mimi naona mtu aliyeombewa akakikimbia kikombe, ni kama anamwambia Mungu, "Kazi yako hukuimaliza."

Basi, nimesema. Najua na wewe utaniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haya. Nimelala pembeni ya kitanda hicho na baba yako maisha yangu yote ya ndoa, kunguni wake nawajua kwa sura.

Lakini nakutaka uje kuliko ninavyotaka kushinda. Kikombe kitakupita. Nimeahidi. Kata tiketi, na ulete shati jeupe, usije na lile la mistari linalokufanya uonekane mwamuzi wa mpira.

Mama yako anayekusubiri.


23 Machi

Kitinda,

Sijui nianze na salamu au na machozi. Nianze na salamu, mimi si mpagani. Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili.

Umenivua nguo mbele ya wazee wa kanisa. Nasema hivyohivyo, sitafuti neno laini.

Utasema niliahidi. Ndiyo, niliahidi kikombe kitakupita. Kwenye ibada hakikukupita? Ulipitisha mkate, umependeza na shati lako, watu wamenong'ona, "Yule ndiye?" Mimi nimelia kwa furaha mpaka mchungaji amenipa leso. Kikombe kimezunguka benchi hadi benchi, na wewe umesimama pale na sinia lako. Ahadi nimeitimiza.

Lakini umelelewa kwenye kanisa hili, unajua desturi. Divai iliyoombewa haimwagwi. Inayobaki inamalizwa na waliohudumu meza, kule chumba cha nyuma, na hakuna anayetoka mpaka kikombe kimegeuzwa juu chini kwenye kitambaa. Fundi cherehani hayupo, mguu. Aliyehudumu ni mimi na wewe. Mimi nilishakunywa nusu. Mchungaji yupo, wazee wawili wapo, wote wanatutazama. Ningesema nini? "Mwanangu ameponywa, ila msimpe"? Nikakusogezea nikasema, "Maliza, mwanangu, ni ya Bwana, haiwezi kukudhuru."

Ukakishika. Nikaona mkono unatetemeka. Ukakitua kwa nguvu mpaka divai ikaruka ikalowesha kitambaa chote, ukatoka, na hukurudi hata nyumbani kuchukua begi. Mzee mmoja akasema umekitupa kikombe cha Bwana. Nikasema hukukitupa. Akasema, "Basi amekitua vibaya sana."

Begi lako nakutumia. Ndani yake kuna hicho kitambaa. Nimekiosha kwa maji ya moto mara nyingi, doa limekataa. Wewe ndiye dobi. Ulichokichafua kisafishe.

Mama yako.


8 Julai

Kitinda mwanangu,

Unaendeleaje? Nakuuliza kweli, si kwa mazoea ya barua.

Jana posta wameniita. Nimefungua bahasha nikakuta kitambaa, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa kona kwa kona kama unavyowakunjia hospitali. Nikakikung'uta nikitafuta barua. Nikakikung'uta tena. Hakuna hata kipande cha karatasi. Nilikaa nacho mapajani, mkaa ukaniishia jikoni.

Miezi yote hii nilikuwa nasema moyoni, aandike yeye kwanza, yeye ndiye aliyekosa. Kiburi cha mzazi hicho, kinakaa vizuri mchana, jioni kinaanza kuuma. Niliandika barua nyingine katikati nikaichana, ilikuwa na matusi ya kidini.

Sasa niseme ninachokijua. Siku ile sikukupa kikombe kwa sababu ya desturi. Desturi niliikuta palepale ikanisaidia. Nilikupa kwa sababu nilitaka wazee waone. Baba yako alikuwa akirudi amelewa napiga magoti pembeni ya kitanda, yeye anakoroma, mimi naomba, na nilimzika hivyohivyo nikiomba. Nikafikiri, kwa huyu wa mwisho nitajibiwa, na watu wote waone nimejibiwa. Ungekunywa kile kilichobaki ukasimama wima, maombi yangu yangekuwa na ushahidi. Nilikutumia wewe kama ushahidi, Kitinda. Na niliijua ahadi yangu. Niliipindisha nikiwa naijua.

Nisamehe mimi mama yako.

Niambie kitu kimoja tu. Siku ile ulipotoka, ulienda wapi?

Mama.


1 Agosti

Mama, shikamoo.

Kwa mwili naendelea vizuri sasa. Nasema "sasa" kwa makusudi.

Umeniuliza nilienda wapi, na mimi sikuandika muda wote huu kwa sababu nilijua utauliza, na sikutaka kukudanganya.

Nilipotoka chumba cha nyuma divai ilikuwa imenilowesha vidole. Haikufika mdomoni, Mama, nataka ujue hilo. Lakini harufu ilikuwa mkononi, na mkono siwezi kuuacha nyuma. Pale ukutani alisimama Fundi Saa. Aliniangalia mkono. Akanishika bega akasema, "Kijana, kwenda stendi pita njia ya nyuma. Ya mbele ina baa." Hayo tu. Nikajiuliza, huyu naye kaniona nimelewa? Kwa hasira nikapita ya mbele.

Nikaingia humo baa, na jioni ile ikawa wiki, wiki zikawa nyingi. Sitakuelezea yote. Nilikosa kazini, nikarudi, nikakosa tena. Begi ulilotuma lilipofika sikulifungua, nililifanya mto. Breki alikuja mara kadhaa akagonga, nikajifanya sipo, na yeye akakaa kwenye ngazi nje akisoma gazeti kwa sauti, habari za michezo, mpaka nikafungua kwa sababu alikuwa anakosea majina ya wachezaji. Bi Pasi aliniambia nafasi yangu ipo ila si milele. Alisema, "Mimi najua kunyoosha vitambaa tu, watu siwezi. Jinyooshe, urudi." Nikarudi.

Siku ya kwanza kazini ndipo nikafungua begi. Nikakuta kitambaa. Nilikasirika sana na wewe, Mama. Nikasema, mimi nimeanguka hivi, yeye analia doa. Halafu nikakifua. Sikujua nifanye nini kingine na hasira ile.

Ulikosea, Mama. Doa la divai halitaki maji ya moto. Ukilimwagia maji ya moto unalipika, linashika zaidi. Linataka maji baridi, chumvi, na kusubiri. Nimelifanya hivyo kila siku baada ya kazi, Bi Pasi ananitazama kwa mbali. Limetoka, ila si lote. Ukikiweka kwenye mwanga utaliona, limebaki kama kivuli upande wa kona. Nimekunja kona hiyo ndani ili usilione haraka.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimeshakusamehe nilipokuwa napiga pasi, ila sikujua niandike vipi. Na wewe nisamehe kwa kuondoka bila kuaga.

Lakini kanisani sitarudi siku ya meza. Sina ugomvi na Bwana, wala na wanaokunywa. Ni kwamba pale mezani panahitaji nichague kati ya kukidhi macho ya watu na kubaki hai, na mimi nimeshaona nikichagua vibaya inakuwaje. Nikija nitakuja siku za kawaida. Au nitasimama ukutani na Fundi Saa, tupigwe jua wote wawili.

Mwanao, Kitinda.


15 Septemba

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi sijambo kabisa. Hata magoti leo yamenyamaza, nadhani yanasikiliza.

Barua yako nilitembea nayo wiki nzima ndani ya blauzi. Pale kwenye Fundi Saa nilipasoma mpaka karatasi ikalegea. Loo, mdomo wangu mimi! Miaka yote nimemhesabia wanawake wawili, kumbe mtu anasimama juani anajiokoa. Nilipita kibandani kwake kujifanya saa yangu imesimama. Akaifungua, akasema, "Mama, saa hii ni nzima." Nikasema, "Najua." Tukatazamana. Akaifunga, akanirudishia.

Kutoka hapo nikaenda kwa mchungaji. Nikamwambia, nataka kikombe cha pili mezani, cha maji ya zabibu yasiyo na kileo. Akasema niwaambie wazee. Wazee wakanikalia kama mahakama. Mmoja akasema, "Bwana alitumia divai." Nikasema, ndiyo, na sikatai, anayeiweza aendelee. Yule aliyesema umekitua kikombe vibaya akasema, "Tangu lini meza ya Bwana ikawa na vikombe viwili kama mgahawa?" Hapo nikapandwa. Nikamwambia, "Mzee, wewe una sukari. Juzi msibani uliletewa chai yenye sukari ukairudisha, na hakuna aliyesema umekosa imani. Mwanangu akirudisha kikombe, kakana wokovu. Mkuki kwa nguruwe!" Mchungaji akainama, akasema meza si yetu, ni ya Bwana, na Bwana hakuwahi kuwakimbiza wagonjwa. Wakakubali, ila wakasema hakuna atakayekijia, tutajiaibisha.

Basi jana ilikuwa Jumapili ya meza. Zabibu nilizinunua mwenyewe sokoni, nikazichemsha, nikazichuja, na safari hii sikuzificha chini ya mchicha. Nikatandika kitambaa chako. Ile kona yenye kivuli sikuikunja ndani. Niliitandaza, nikaweka kikombe cha pili juu yake.

Mchungaji akatangaza, maneno machache: leo vikombe havizunguki, kila mtu aje mbele; kipo kikombe hiki na kipo hiki, Bwana ni mmoja, mtu asimuulize mwenzake kwa nini. Watu wakaanza kuja. Wote kikombe cha kwanza. Wote, Kitinda. Mimi nimesimama na changu mkononi kama mtu aliyeleta maandazi yasiyonunuliwa. Yule mzee akanitazama kwa pembe ya jicho. Nikasema moyoni, acha kipoe mkononi mwangu, nitasimama nacho mpaka mwisho.

Nikamwona Fundi Saa anainuka kama kawaida yake. Akafika mlangoni. Akasimama. Mgongo wake umenigeukia muda mrefu, halafu akageuka, akaja katikati ya kanisa zima, mbele ya wanakwaya wote na midomo yao. Nikampa. Akanywa kama mtu aliyetoka safari. Akaniambia kwa sauti ndogo, lakini masikio haya mabovu yalisikia: "Mama, sijakaribia meza hii tangu kijana."

Nikadhani ndiyo basi. Nikasikia benchi la mbele linalia. Ni fundi cherehani, mwenzangu wa meza, yule wa mguu. Amesimama. Fimbo ameiacha kwenye benchi. Amekuja kwangu, mguu uleule mwenye kalenda, umenyooka kama wa askari. Akakipokea kikombe, mikono yote miwili inatetemeka vilevile ulivyotetemeka wewe, na hapo nikaelewa. Mwanangu, tumehudumu pamoja meza moja. Kila mara kilichobaki kilikuwa kinamsubiri chumba cha nyuma, na mimi namtania mguu. Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua. Huyu alijificha mbele ya macho yangu na hakuna hata mmoja wetu aliyempa mahali pa kusema.

Baada yao wakaja wengine, sitakuambia ni nani, kwa sababu mchungaji alisema tusiulizane, na mimi najifunza kufunga mdomo. Ni kazi ngumu, niombee.

Kule chumba cha nyuma kilichobaki cha kikombe cha kwanza nilimaliza mimi na mchungaji. Cha pili kilibaki kidogo, fundi cherehani akasema, "Nipe mimi, leo naweza kumaliza." Akamaliza, akakigeuza juu chini kwenye kitambaa. Hakuna doa jipya.

Sikuiti. Nilikuita mara ya kwanza kwa ajili yangu, sitarudia. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa.

Mama yako.


28 Septemba

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Bi Pasi anakusalimu, anasema doa la kona ile ningemwachia yeye lingetoka lote. Nimemwambia tuliache.

Jumapili ya meza ijayo ni lini? Niandikie mapema, niombe ruhusa kazini. Usimwambie mtu kitu, ila Fundi Saa tu. Mwambie ile njia ya nyuma siijui vizuri, anisubiri stendi anionyeshe.

Shati jeupe ninalo.

Mwanao, Kitinda.